Tuihesabu Mali Iliyo Ardhini

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka asiyejua idadi ya magunia yaliyomo ghalani mwake hawezi kushindana kwa maneno na mnunuzi anayebisha bei. Na ikiwa mnunuzi ndiye aliyeyahesabu magunia hayo, basi biashara imekwisha kabla ya kuanza. Taifa letu linalo ghala kubwa kuliko maduka yote ya Kariakoo, nalo ni ardhi yenyewe, tangu miamba mikongwe ya Kanda ya Ziwa hadi mchanga wa Mtwara. Lakini daftari la ghala hilo bado lina kurasa nyingi nyeupe. Serikali ilipotangaza mwelekeo wa sekta ya madini hadi mwaka 2030, ulioitwa Madini ni Maisha na Utajiri, ilieleza bila kuficha kwamba ni asilimia 16 tu ya eneo la nchi iliyokuwa imefanyiwa utafiti wa kina wa jiofizikia kwa ndege, ikaweka lengo la kufikia asilimia 50 ifikapo mwaka huo wa 2030.

Gazeti hili linaliunga mkono lengo hilo. Hata hivyo, kuunga mkono si kupiga makofi tu. Mkulima wa pamba anayeona zahanati ya kijiji chake ina upungufu wa dawa anayo haki ya kuuliza kwa nini fedha za umma zitumike kurusha ndege juu ya shamba lake, kutafuta kitu ambacho hakuna anayekiona. Swali hilo ni la haki, nalo linastahili jibu lililo wazi. Tena jibu lenyewe lisiwe la kumwahidi utajiri wa kesho asubuhi, maana ahadi za namna hiyo zimekwisha waumiza wengi.

Jiofizikia ni elimu ya kuipima ardhi bila kuichimba. Miamba haifanani kwa tabia. Ipo iliyo mizito na iliyo myepesi. Ipo inayopitisha umeme na inayouzuia. Ipo yenye usumaku kwa sababu ndani yake mna chembe za magnetaiti, na ipo inayotoa mionzi kwa kadiri ya urani, thori na potasi iliyomo. Tabia hizo zaweza kupimwa kutoka juu. Ndege ndogo huruka chini kwa mistari iliyonyooka kama matuta ya shamba, ikienda na kurudi, na vyombo vyake huandika tarakimu bila kukoma. Chombo kingine huachwa ardhini mahali pamoja, kwa sababu usumaku wa dunia nao hubadilika kutwa kwa nguvu za jua, na bila kuyaondoa mabadiliko hayo hesabu nzima huharibika. Baadaye tarakimu hugeuzwa kuwa ramani ya rangi, nyekundu hapa, buluu pale, na mtaalamu huanza kusoma: hapa mwamba umevunjika, pale umejikunja, na kule, chini ya mbuga ya udongo mweusi, unapita mkanda wa miamba ya chuma ambayo Geita inajulikana kubeba dhahabu.

Maneno hayo, chini ya mbuga ya udongo mweusi, yafaa yasomwe mara mbili. Wakoloni wa Kijerumani na wa Kiingereza walichimba kwa sehemu kubwa kile kilichojitokeza chenyewe juu ya vilima. Wachimbaji wadogo waliokuja baadaye walifuata njia hiyo hiyo, wakiongozwa na jiwe la kwatzi lililoonekana juu ya ardhi. Lakini sehemu kubwa ya Kanda ya Ziwa imefunikwa na udongo na mashapo, na huko jicho la binadamu, hata liwe kali namna gani, halifiki. Kilichobaki kwa vizazi vyetu ni kile kilichofichika, na kilichofichika hakipatikani kwa jembe peke yake.

Sasa tuseme na upande wa pili, kwa sababu wapo wanaozungumza juu ya vyombo hivi kana kwamba ni miwani ya kuonea dhahabu. Hakuna chombo cha angani kinachoiona dhahabu. Mwamba unaochimbwa kwa faida waweza kuwa na gramu chache tu za dhahabu katika tani moja, na gramu hizo haziwezi kuusumbua usumaku wala umeme wa ardhi kwa kiasi cha kupimika. Mtaalamu huwatafuta majirani wa dhahabu: mkanda wa chuma, ufa wa mwamba, chembe za pairaiti. Pairaiti zikiwa zimetawanyika mwambani, ukipitisha mkondo wa umeme ardhini kisha ukaukata ghafula, umeme hauondoki mara moja. Hubaki kidogo ukififia, na kufifia huko hupimwa. Lakini majirani hao wapo pia mahali pengi pasipo na dhahabu hata chembe. Kinywe nacho hupitisha umeme, na maji ya chumvi hupitisha, na udongo wa mfinyanzi hupitisha. Shinyanga na mikoa inayoizunguka kuna mabomba mengi ya mwamba wa kimbalaiti, lakini ni machache yaliyo na almasi za kutosha kuchimbwa, na hakuna jingine lililofikia lile la Mwadui alilolipata John Williamson mwaka 1940. Ukiona dalili kwenye ramani, umeona swali tu.

Liko na jambo jingine ambalo halisemwi sana nje ya vyumba vya wataalamu. Katika nchi zilizo karibu na ikweta kama yetu, usumaku wa dunia umelala badala ya kusimama kama ulivyo karibu na ncha za dunia. Kwa sababu hiyo kilele cha dalili ya usumaku aghalabu hakikai juu kabisa ya mwamba unaoisababisha, husogea kando. Mtu asiyejua hesabu hiyo atachoronga penye rangi nyekundu na kutoka mikono mitupu, kisha aseme sayansi ni uongo. Mionzi nayo ina mpaka wake: ile inayofika kwenye ndege hutoka katika nusu mita ya juu ya ardhi, wala haisemi lolote juu ya kilicho chini zaidi. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Vipimo husaidiana, kisha hufuatwa na mtu wa miguu mwenye nyundo na mfuko wa sampuli, na mwisho kabisa na mtambo wa kuchoronga.

Basi faida ya kazi hii i wapi? Faida yake ni kupunguza mahali pa kutafuta. Kuchoronga ni gharama kubwa, na hakuna taifa linaloweza kutoboa mashimo kila mahali. Ndege hulichukua eneo la ukubwa wa mkoa na kusema: acheni hapa na hapa, angalieni pale. Wapimaji wa ardhini hupunguza tena, kutoka wilaya hadi kilima kimoja, na kutoka kilima hadi mashimo machache. Kila ngazi ni ghali kuliko iliyotangulia, na kila ngazi iliyorukwa huja kulipiwa katika ile inayofuata.

Tuutazame ukubwa wa kazi yenyewe. Nchi kavu ya Tanzania ni kama kilomita za mraba 885,000. Kutoka asilimia 16 hadi 50 ni kama kilomita za mraba 300,000. Ikiwa mistari ya ndege itaachana kwa mita 200, kila kilomita ya mraba itahitaji kilomita 5 za kuruka. Hizo ni kilomita 1,500,000, sawa na kuizunguka dunia zaidi ya mara 37, kwa mwendo wa chini, juu ya milima, mapori na miji. Si kazi ya sherehe moja na hotuba mbili. Ni kazi ya bajeti inayotolewa kwa wakati, mwaka hadi mwaka, hata pale ambapo hakuna mgodi mpya wa kuzinduliwa.

Nchi hii haianzi leo. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa msimamo wake kwamba madini yasiharakishwe. Yabaki ardhini mpaka wananchi wapate ujuzi wa kuyachimba kwa faida yao. Siku hizi wako wanaousimulia msimamo huo kana kwamba ulikuwa usingizi. Wanasahau kwamba Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, liliundwa mwaka 1972, na kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970, Chama Cha Mapinduzi kikiwa kichanga na nchi ikipita katika vita vya Kagera, ndege ya utafiti iliruka juu ya nchi yetu ikipima usumaku na mionzi kwa mistari iliyoachana kilomita 1. Kazi ilifanywa na kampuni ya nje kwa mkataba, lakini tarakimu zilikuwa mali ya Taifa na zikawekwa Dodoma. Ule ulikuwa uamuzi wa mtu anayengoja kuuza, lakini anahesabu kwanza. Kungoja ukiwa umehesabu ni busara. Kungoja gizani ni kitu kingine kabisa.

Kasoro ilikuja baadaye, nasi hatuoni haya kuisema. Milango ya uwekezaji ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, na Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ilipoweka mrabaha wa asilimia 3 kwa dhahabu, wageni waliokuja hawakuanza kutafuta kwa kubahatisha. Walianzia kwenye ramani za jiolojia na za jiofizikia zilizokuwapo, wakazifanyia hesabu upya kwa kompyuta zenye nguvu, wakajua mahali pa kuombea leseni. Hawakuvunja sheria. Walisoma daftari letu vizuri kuliko tulivyolisoma sisi wenyewe. Tulikuwa na wataalamu hodari, lakini walikuwa wachache, na vifaa vyao vilikuwa vya zamani.

Mengi yamerekebishwa tangu hapo. Sheria ya mwaka 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4, na marekebisho ya mwaka 2017 yakaufikisha asilimia 6 na kuipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za uchimbaji mkubwa na wa kati. Mchango wa madini katika pato la Taifa ulifika asilimia 10.1 mwaka 2024. Haya ni matunda ya kujivunia. Lakini asilimia 16 ni ya kitu gani? Mbia asiyeweza kukadiria mwenyewe thamani ya mali ya ubia hutegemea uaminifu wa mwenzake. Mjadala wa makinikia wa mwaka 2017 ulitufundisha taabu iliyopo katika kubishana juu ya kilichomo ndani ya kontena lililosimama mbele ya macho yetu bandarini. Itakuwaje tukibishana juu ya kilichomo mita 500 chini ya ardhi?

Historia ya nchi nyingine inatuonyesha nini hutokea taarifa za ardhi zikiponyoka. Karibu na mji wa Kursk, nchini Urusi, sindano ya dira ilikuwa ikikataa kuelekea kaskazini, na jambo hilo lilijulikana tangu karne ya 18. Mwishoni mwa karne ya 19, Profesa Ernst Leist wa Chuo Kikuu cha Moscow alianza kulipima eneo hilo, akaamini kwamba chini yake kuna chuma kingi. Wakuu wa jimbo na wenye mashamba walishangilia, fedha zikatolewa, mtambo ukachoronga. Ukapita kina alichokitabiri profesa, chuma hakikuonekana. Mara fedha zikakatwa, na watu wakamcheka. Leist hakuacha. Kwa miaka mingi alirudi huko wakati wa likizo, kwa gharama yake mwenyewe, akipima nukta baada ya nukta hadi zikafika maelfu. Mwaka 1918 alikwenda Ujerumani kutibiwa, akachukua vitabu vyake vya vipimo, na huko akafariki.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Vipimo vile vikawa mikononi mwa wageni, nao wakataka kuviuza kwa dola changa ya Kisovieti kwa dhahabu nyingi. Fikirini: taifa linatakiwa kununua habari za ardhi yake lenyewe! Nchi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu wana njaa. Hata hivyo uamuzi uliofikiwa ulikuwa kwamba wataalamu wao wapime upya kila kitu, chini ya uongozi wa wanasayansi kama Lazarev na Gubkin, na Lenin mwenyewe alilifuatilia jambo hilo. Mwaka 1923, karibu na Shchigry, mtambo ulifikia mwamba wa chuma kwenye kina cha mita 167. Bonde la Kursk likaja kuwa miongoni mwa hazina kubwa kabisa za chuma duniani. Leist hakukosea, mahali pa shimo la kwanza ndipo palipokosewa, na subira ya waliotoa fedha ilikwisha mapema mno.

Hapa kwetu pia tumeona jinsi taarifa isivyozeeka. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Amoco ilipima bonde la Ziwa Rukwa kwa mitetemo ya ardhi ikitafuta mafuta, na mwaka 1987 ikachimba visima viwili, Galula na Ivuna. Mafuta hayakupatikana, kampuni ikaondoka. Lakini vipimo vilibaki. Karibu miaka 30 baadaye, mwaka 2016, ilitangazwa kwamba bonde hilo lina dalili kubwa za gesi ya heli, ile inayohitajika katika mashine za hospitali na mitambo ya hali ya juu, na watafutaji wa heli wakavirudia vipimo vile vya zamani kuona umbo la miamba iliyo chini. Kabanga, wilayani Ngara, nikeli ilionekana katika miaka ya 1970 kwa utafiti uliosaidiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Makubaliano ya Serikali na mwekezaji juu ya kuichimba yalitiwa saini mwaka 2021. Kati ya dalili na mkataba ilipita zaidi ya miaka 40, na katika miaka hiyo wenye leseni walibadilika zaidi ya mara moja. Kila aliyeondoka aliacha kitu, ikiwa tu palikuwapo mtu wa kukipokea na kukihifadhi.

Ndiyo maana marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yalifanya jambo jema sana, ingawa halikupigiwa ngoma kama yale ya mrabaha: yaliweka hazina ya taifa ya taarifa za madini na kuwataka wenye leseni wawasilishe wanachokipata. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, yenye makao yake Dodoma, ndiyo mlinzi wa hazina hiyo. Sheria ipo. Tunachoomba ni ukali katika kuisimamia. Anayehodhi leseni miaka nenda miaka rudi, asipime wala asichoronge, akingoja bei ipande auze karatasi, huyo ni mlanguzi, na Serikali imefanya vyema kila ilipozifuta leseni za namna hiyo. Lakini hata anayefanya kazi na kuondoka lazima aache tarakimu zake zote, ghafi, si muhtasari wa kurasa 10 wenye picha nzuri. Tarakimu ghafi ndizo zinazoweza kusomwa upya na mtoto ambaye leo yuko darasa la tano.

Tumesema mengi juu ya wakubwa. Sasa tuwatazame wadogo, kwa kuwa hapa ndipo penye uchungu. Leseni ndogo ya uchimbaji kwa madini mengi haizidi hekta 10. Eneo hilo likiwa la mraba lina upande wa kama mita 316. Ndege inayoruka kwa mistari ya mita 200 italikata mara moja, au mara mbili kwa bahati. Basi tusimdanganye mchimbaji mdogo kwamba ndege ikipita shida yake imekwisha. Ramani ya ndege itamwambia kama yuko katika mkanda unaofaa au amepiga kambi mahali pasipo na matumaini, na hilo si dogo. Lakini kumwambia azamishe duara upande gani wa mwembe ni kazi ya mpimaji atembeaye kwa miguu na chombo cha usumaku begani, akipanda nguzo za umeme kila baada ya mita chache, na baada yake mtambo wa kuchoronga.

Bila ya hayo mchimbaji hubahatisha. Anauza ng'ombe, anakopa kwa mwenye karasha, anazamisha duara mita 40 katika mwamba mgumu na kukuta jiwe jeupe lisilo na kitu, kisha anahamia hatua 20 kando na kuanza tena. Nyuma yake unabaki msitu wa mashimo yanayomeza mifugo na watoto. Na palipo na kubahatisha, mpiga ramli hakosi kutia mguu. Taifa hili linajua kwa aibu kubwa jinsi imani za kishirikina zilivyohusishwa na uchimbaji na uvuvi, na jinsi ndugu zetu wenye ualbino walivyouawa kwa sababu ya imani hizo. Sheria imewaandama wauaji, na iendelee kuwaandama. Lakini mpiga ramli ananufaika na jambo moja: mchimbaji hana mwingine wa kumwuliza. Akipata wa kumwuliza, mwenye kipimo mkononi na asiyedai kuku mweusi, biashara ya ramli itapoteza wateja.

Wapo pia matapeli wa kisasa, wanaouza vifaa vya mkononi kwa bei ya kutisha wakidai vinaona dhahabu mita nyingi chini. Kifaa cha kutambua metali ni kweli kipo na kina kazi yake: hupata vipande vya dhahabu vilivyo karibu na uso wa ardhi. Rifu iliyo mita 30 chini hakiioni. Mwenye kusema vinginevyo aulizwe kwa nini hachimbi mwenyewe.

STAMICO imenunua mitambo ya kuchoronga kwa ajili ya wachimbaji wadogo, na hatua hiyo ni ya kusifiwa. Hata hivyo mtambo ni mguu, na mguu unahitaji jicho. Tungependa kila mtambo unaokwenda kwa wachimbaji wadogo utanguliwe na kikosi cha wapimaji, hata wakiwa watu wanne na gari moja, ili shimo lichorongwe penye sababu. Kikosi hicho nacho kisiwadharau wenyeji. Tanzanaiti ya Mererani haikugunduliwa kwa ndege. Ilionekana mwaka 1967, na mwaka 2018 Serikali ilimtambua rasmi mzee Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake. Wachimbaji wa Mererani walijua kufuata mwamba wenye kinywe ili kuifikia tanzanaiti muda mrefu kabla mtu yeyote hajawapelekea ramani ya umeme wa ardhi. Kinywe chapimika kwa umeme; tanzanaiti haipimiki. Mtaalamu mwenye akili huanza kwa kumsikiliza mchimbaji, ndipo afungue kisanduku cha vyombo vyake.

Kuhusu wanavijiji tuna neno fupi lakini zito. Ndege inayoruka chini huogofya mifugo na kuzusha uvumi. Mara husemwa ardhi imeuzwa, mara watu wahamishwe. Uvumi hukua mahali ambapo hakuna aliyeelezwa. Kabla ndege haijaruka, mkutano wa kijiji uitishwe, wataalamu waje, waeleze kwa Kiswahili kwamba kupima si kuchukua, na kwamba dalili si mgodi. Na baada ya kazi warudi kusema walichokiona, hata kama hawakuona kitu. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mwenye fedha mjini hupata fununu kwanza, akaenda kijijini kununua mashamba kwa bei ya mahindi, na mkulima akaja kuelewa miaka mitatu baadaye alichokiuza. Tarakimu zilizolipiwa na umma zisiwe siri ya wachache wenye marafiki ofisini. Zitangazwe siku moja, kwa wote.

Linabaki suala la watu. Ndege hukodishwa, vyombo hununuliwa, lakini msomaji wa ramani hulelewa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo cha Madini Dodoma hutoa vijana wenye elimu ya miamba, na baadhi yao, tunaona kwa macho, wanauza vocha za simu huku mikataba ya kutafsiri vipimo ikipelekwa ng'ambo. Kila mkataba wa kurusha ndege uwe na sharti kwamba hesabu na tafsiri zifanyike Dodoma, vijana wetu wakiwa wamekaa kwenye kompyuta, wala si wamesimama nyuma ya viti vya wengine. Gharama itaongezeka kidogo na kazi itachelewa kidogo. Tukubali.

Na ramani zenyewe zisikae Dodoma peke yake. Mchimbaji wa Chunya au wa Nyang'hwale hana nauli ya kufuata karatasi makao makuu, wala hajui aulize nini akifika. Ofisi ya madini ya kila mkoa ndiyo mahali pa kuanzia: chumba kimoja, ramani ya usumaku ya mkoa huo ukutani, na kijana mmoja mwenye shahada ya jiofizikia ambaye kazi yake ya kwanza kila asubuhi ni kumkaribisha kitini mtu aliyeingia na jiwe mfukoni, na kumwuliza amelitoa wapi.